Maswali ya Bustani: Mti Gani Kati Yangu na Jirani?

Barua nyingi za msimu huu zimeuliza jambo moja. Nyumba zimesogeleana, madirisha yanatazamana, na watu wanatafuta uzio wa miti utakaowarudishia sitara bila gharama ya ukuta. Nimechagua barua tano, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu yaliyomo yanawahusu wengi.

SWALI: Ninaishi Tegeta, Dar es Salaam. Mwaka jana jirani yangu alimaliza kujenga ghorofa moja, na madirisha yake mawili ya juu yanatazama uani kwangu, mahali ninapopikia, ninapoanika nguo na wanangu wanapoogea wakati wa joto. Hatuna ugomvi, lakini sina raha tena katika ua wangu. Kandokando ya ukuta mfupi wa mpaka nina ardhi wazi yenye upana wa mita 1.2, kisha sakafu inaanza, na chemba ya maji taka iko karibu. Kijana anayeuza miche barabarani amenishauri fikasi, mwingine amesema mikaratusi ndiyo inayokua haraka. Nipande nini, na nitasubiri muda gani? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Dada yangu, kabla sijataja mti wowote, ninakuomba ufanye kazi ya nusu saa ambayo itakuokolea fedha na miaka. Keti kwenye kigoda chako pale unapopikia, na mtu mwingine asimame kwenye mstari utakaopandwa miti akiwa na mwanzi mrefu uliofungwa kitambaa cheupe nchani. Aupandishe polepole mpaka kitambaa kilingane na ukingo wa juu wa dirisha la jirani kwa jinsi unavyoliona wewe, kisha mpime kimo cha kitambaa kutoka ardhini. Rudieni kipimo hicho ukiwa umesimama kwenye kamba ya kuanikia. Kimo kikubwa kati ya hivyo viwili ndicho kimo cha uzio wako, na watu wengi hushangaa kukiona kuwa kidogo. Tuseme ukingo wa dirisha uko mita 5.5 juu ya ardhi, nyumba ya jirani iko mita 3 kutoka mpakani na wewe unasimama mita 4 upande wako: uzio usiofika mita 4 unalificha dirisha lote. Tena kadiri unavyokaa karibu na miti ndivyo miti mifupi inavyotosha, kwa hiyo huenda kulisogeza jiko hatua mbili kuelekea mpakani kukapunguza mwaka mzima wa kusubiri, mradi moto usiwe karibu kiasi cha kuunguza majani.

Ukishajua kwamba unahitaji mita 4 tu, mashauri uliyopewa yanaanguka yenyewe. Mkaratusi hupita mita 20, hunywa maji mengi, na tawi lake likikatika kwa upepo halichagui paa la kuangukia. Fikasi ninaijua kwa uchungu. Nilipanda sita kando ya ukuta wangu mjini Morogoro kwa sababu nilipenda majani yake yanayong'aa, na kwa miaka michache ulikuwa uzio mzuri kuliko wote mtaani. Baadaye maji ya bafuni yakaanza kurudi, na fundi alipofungua chemba alitoa fungu la mizizi lililojaa bomba lote kama katani. Mizizi ya fikasi hufuata unyevu popote ulipo na huinua sakafu na kupasua kuta ikiutafuta. Mahali penye chemba karibu, na ardhi ya mita 1.2 tu, tafadhali usiipande hata kama utapewa bure.

Kosa letu kubwa ni kuchagua mti kwa kimo chake na kusahau upana wake. Kimo hukatwa kwa mkasi, lakini mti ambao maumbile yake ni kutanuka utapigana nawe kila mwezi, na nusu ya matawi hayo yataangukia upande wa jirani, ambaye hakuuomba. Kwa ukanda mwembamba kama wako, katika joto la Pwani, mimi ningepanda miashoki, ile ya umbo la mshumaa ambayo matawi yake huinama kuelekea chini. Asili yake ni India na Sri Lanka, haipukutishi majani yote kwa pamoja, na inaweza kukaa miaka mingi bila kumwingilia mtu. Weka mstari katikati ya ukanda wako, yaani sentimeta 60 kutoka ukutani, na uache mita 1 kati ya mche na mche. Chimba mashimo ya sentimeta 60 kwenda chini na upana kama huo, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, na upande mvua za masika zinapoanza ili mizizi iwe imeshika kabla ya miezi mikavu. Kiangazi cha kwanza kila mche upate ndoo ya lita 10 angalau mara mbili kwa wiki, na shina lizungushiwe matandazo ya majani makavu, yasiguse gome.

Mambo mawili huharibu miashoki hapa nchini, na yote mawili hufanywa kwa nia njema. La kwanza ni kukata matawi ya chini ili pafagiliwe vizuri. Matawi hayo yakishaondolewa hayarudi kama yalivyokuwa, na uzio unabaki wazi pale mtu anapokaa. La pili ni kuiacha ikue bila kikomo mpaka iguse nyaya za umeme. Ikifika kimo ulichokipima, kata ncha, na urudie kila mwaka. Kukata huko hupunguza matunda pia, na hilo ni la maana kwa sababu popo huyapenda sana, na nguo za jirani zilizoanikwa chini ya njia yao hazisalimiki.

Kuhusu muda, usitegemee mita 4 kabla ya miaka mitatu, hata ukimwagilia vizuri. Kwa kipindi hicho simika nguzo tatu, unganisha waya, na upandishe mapasheni. Yakipata mbolea na maji hufunika waya ndani ya msimu mmoja au miwili, utavuna matunda, na mipasheni hiyo itakapochoka baada ya miaka michache miashoki itakuwa imekwisha kufika.

Nenda pia ukamwone jirani kabla ya kuchimba, na ukienda usiende na lawama. Mwenye dirisha la juu naye huona haya kumwona mama wa watu akifua, na mara nyingi hufunga mapazia mchana kutwa huku akikosa upepo. Mwambie kimo ulichokusudia, umwonyeshe ule mwanzi, na umuulize upepo wa kusi unaingia kwake kwa dirisha lipi. Mtu aliyeshirikishwa hatakata matawi kwa hasira, na huenda akakubali kuyapogoa yaliyo upande wake, kazi ambayo wewe huwezi kuifanya bila kuingia kwake.

SWALI: Mimi ni mstaafu, ninaishi pembezoni mwa Dodoma. Mpaka wangu na jirani una minyaa iliyopandwa zamani na wazazi wetu. Mwezi uliopita mjukuu wake alivunja tawi, utomvu ukamwingia jichoni, na alikaa siku kadhaa bila kuona vizuri. Sasa jirani anataka tuing'oe yote. Ninamwelewa, lakini nyingine yoyote niliyojaribu kupanda imeliwa na mbuzi. (Mzee wa Dodoma)

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Jirani yako ana haki ya kuogopa. Utomvu mweupe wa mnyaa huunguza jicho na unaweza kulijeruhi vibaya, kwa hiyo kila anayeishi karibu na mti huu ajue la kufanya: jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, bila kutia maziwa wala dawa ya majani, kisha mgonjwa apelekwe kwenye matibabu ya macho siku hiyohiyo. Tunashukuru kwamba mtoto amepona.

Wazazi wenu, hata hivyo, hawakukosea. Hakuna mti unaovumilia ukame wa nyanda za kati kwa urahisi kama huu, mbuzi hawautamani, na tawi lililochomekwa ardhini huota bila kumwagiliwa. Wamaasai wameuzungushia maboma yao kwa vizazi vingi, wakiuita emanyara, na jina la Ziwa Manyara husemwa kuwa limetoka hapo. Ninakushauri usiung'oe leo, bali uutumie mara ya mwisho kama mlinzi. Mvua za Desemba zikianza, pandeni safu mpya ya michongoma hatua moja upande wa ndani, mbegu zikiwekwa katika mistari miwili iliyopishana, sentimeta 30 kutoka shimo hadi shimo. Minyaa itawazuia mbuzi wa upande wa nje, na upande wenu mtazungushia matawi ya miiba kwa msimu wa kwanza. Michongoma ikifika magotini ikateni kwa ujasiri, maana isipokatwa ikiwa michanga hupanda juu na kuacha matundu ambayo hata ndama atapita.

Jina la mchongoma hutumika kwa zaidi ya mti mmoja, kwa hiyo kauone uzio uliokomaa kabla ya kuchukua mbegu zake. Mahali panapokabili baraza mnaweza kubadilisha kwa bogonvilia, ambayo huvumilia ukame ikishashika na ina miiba. Mbono kaburi, ambao pengine mtashauriwa kwa kuwa nao haulishwi mifugo, msiupande: mbegu zake ni sumu, na mtakuwa mmemwondolea mtoto hatari moja na kumletea nyingine.

Baada ya miaka miwili au mitatu safu mpya ikiwa imeziba, ondoeni minyaa kidogo kidogo. Mkataji avae miwani, glavu na nguo za mikono mirefu, watoto wawe mbali, na matawi yasiachwe chini wakati wa mvua kwa sababu yataota tena.

SWALI: Tuko Limuru, Kenya. Ua wa saipresi uliopandwa na marehemu baba umeanza kuwa wa hudhurungi kutoka ndani, na sasa tunaonana na jirani kupitia matundu makubwa. Tumekata sehemu zilizokauka tukitumaini zitachipua, lakini miezi minane imepita bila kitu. Je, kuna mbolea ya kuufufua? (Ndugu wawili)

JIBU: Poleni, ndugu zangu, hasa kwa kuwa ua huo ni kumbukumbu ya mzazi. Lazima niwaambie ukweli: saipresi haichipui kwenye mti mkavu. Mkasi ukishapita sehemu ya kijani na kuingia kwenye vijiti visivyo na majani, pale patabaki wazi daima, na hakuna mbolea inayobadilisha hilo.

Kujua chanzo, tandazeni karatasi nyeupe chini ya tawi ambalo bado ni kijani na mlitikise. Mkiona wadudu wadogo wa rangi ya kahawia wakitembea, na kwenye matawi kuna utando wa kunata wenye ukungu mweusi na msururu wa sisimizi, hao ni vidukari vya saipresi. Wadudu hawa waligunduliwa Malawi mwaka 1986, wakaonekana Tanzania mwaka 1988, na mwaka 1990 walikuwa wamefika Kenya, ambako waliangamiza nyua na misitu ya nyanda za juu. Hufyonza utomvu, na matawi hukauka kuanzia ndani, kama mnavyoeleza. Karatasi ikitoka safi, basi huenda ua ulikatwa kwa kina kupita kiasi mwaka baada ya mwaka.

Sehemu ambazo bado ni kijani kuanzia chini zinaweza kuachwa. Zilizokufa zing'oeni pamoja na visiki, na msipande saipresi nyingine palepale. Kwa hali ya hewa ya Limuru kaiyaba inafaa sana: imetoka kusini mwa Afrika, ni mti wa kijani mwaka mzima, na miiba yake huzuia mtu na mnyama. Ikuzeni katika safu mbili zilizopishana, nusu mita kati ya miche. Ukuaji wake ni wa taratibu, na mnapaswa kulikubali hilo tangu mwanzo. Miti dume na jike ni mbalimbali, kwa hiyo si kila mti utazaa yale matunda ya manjano yenye ukali ambayo hutengenezewa jemu nzuri. Kila mkikata, fagieni miiba yote siku hiyohiyo, upande wenu na wa jirani, kwa sababu hupenya ndala za watoto na matairi.

Katika kukata, ninawasihi mzingatie umbo. Uzio uwe mpana chini na uchongoke kidogo kuelekea juu. Ukiwa mpana juu, sehemu ya chini hukosa jua, hupukutisha majani, na baada ya miaka kumi mnakuwa na mwavuli badala ya ukuta. Nyua nyingi ninazoletewa zikiitwa gonjwa zimekatwa vibaya tu.

SWALI: Nyumba yetu ya Tanga iko karibu na bahari. Haibiskasi zote tulizopanda mpakani zimeungua majani kwa upepo wa chumvi. Jirani amependekeza thevetia yenye maua ya njano kwa sababu haishindwi. Tuna watoto wadogo. (Msomaji wa Tanga)

JIBU: Jirani yako amesema kweli kwamba thevetia haishindwi, lakini mti huo una sumu inayoshambulia moyo, nayo iko katika sehemu zote, hasa kwenye kokwa. Penye watoto usiwe uzio. Mwelezeni kwa upole, kwani watu wengi wameupanda kwa miaka bila kujua. Duranta nayo, ambayo sasa inauzwa kila mahali, ina vitunda vya manjano vinavyodhuru vikiliwa, kwa hiyo iwekwe mbali na wanapochezea.

Upande wa bahari pandeni mivinje. Imezoea mchanga na chumvi, na ingawa mkiiacha itakuwa miti mirefu kuliko minazi, mkiikata mara mbili kwa mwaka tangu ikiwa na kimo cha mtu hukubali kuwa uzio laini wa mita 2. Nyuma yake, palipokingwa na upepo, pandeni mihina kwa vipandikizi vyenye unene wa kalamu. Bibi zetu wa mwambao walijua thamani yake: maua hunukia usiku, majani hutumika kwenye harusi, na uzio wenyewe hufungamana vizuri ukikatwa. Kwenye ukame mkali hupunguza majani, ndiyo sababu sikushauri muutegemee peke yake.

SWALI: Mimi na kaka yangu tumegawana kihamba (shamba la nyumbani la ukoo) cha baba huko Moshi Vijijini. Baada ya maneno kadhaa wake zetu wanataka uzio kati ya nyumba. Wazee wanasema tupande masale kama zamani, lakini naona masale hayazibi. Nifanyeje? (Mdogo mtu)

JIBU: Wazee wako wanakuelekeza vizuri, hata kwa sababu za kilimo. Miti mingi ya uzio inataka jua la kutosha, na chini ya migomba na kahawa itadhoofika na kurefuka bila majani. Isale huvumilia kivuli hicho, ndiyo maana limekuwa alama ya mpaka wa kihamba tangu kale. Unajua pia kwamba jani lake Uchaggani ndilo linalopelekwa na anayeomba msamaha, na ni vigumu kwa aliyeletewa kulikataa. Sioni mmea mwingine unaofaa kusimama kati ya ndugu wawili waliokwaruzana.

Umeona kweli, lakini, kwamba shina likizeeka huvua majani ya chini. Dawa yake ni kukata kwa kupishana: shina moja likatwe usawa wa goti, linalofuata usawa wa kifua, na mwaka wa pili mfanye kinyume. Chini ya kila mkato huchipua vichwa vipya, na baada ya misimu miwili uzio unakuwa na majani kuanzia chini hadi juu. Palipo na mwanga zaidi ongezeni akalifa ya majani mekundu mbele ya masale.

Vipandikizi vikatwe kabla ya masika, kila kimoja kiwe na urefu wa mkono, viachwe kivulini siku mbili vikauke jeraha, kisha theluthi moja ifukiwe. Mstari uvutwe kwa kamba kutoka jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka, na kaka yako ashike ncha ya pili.